Songwe tuna kimondo kingine, na kijacho tusikiharibu

Mhariri,

Salaam nyingi toka Vwawa. Naandika kuhusu vimondo na naomba barua hii usiikate sana, maana kuna mambo humu ndani mtu asipoyajua anaweza kuharibu kwa dakika tano kitu ambacho hakitapatikana tena maisha yake yote.

Kila ikifika tarehe 30 Juni, siku ya vimondo duniani, huku kwetu stori inakuwa moja tu, Kimondo cha Mbozi. Na ni haki yake kabisa, lile dude la chuma la tani kumi na kitu limelala pale Ndolezi, urefu kama mita tatu hivi, wageni wanakuja wanapiga picha, watoto wa shule wanaletwa na mabasi, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro wanalisimamia. Sina ugomvi na Mbozi hata kidogo. Ila mkoa huu huu una kimondo kingine, kidogo, cheusi, laini, ambacho ukienda kwenye maabara za vimondo London, Houston au Japani jina lake wanalitaja karibu kila siku, na hapa nyumbani ukilitaja mtu anakuuliza Ivuna? si kule kwenye chumvi? Ndiyo, kule kule. Ivuna ya Momba, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye zile chemchemi ambazo watu wamekuwa wakichemsha chumvi tangu karne nyingi zilizopita.

Jioni ya tarehe 16 Desemba 1938, mida ya saa kumi na moja na nusu, kikashuka pale. Vyote vilivyookotwa ukivijumlisha ni gramu 705 hivi, yaani hata kilo moja haifiki. Na kwa hizo gramu 705 kijiji chetu kikawa jina la kundi zima la vimondo duniani. Wanasayansi wanaliita kundi la CI, hiyo C ni ya kaboni na hiyo I ni Ivuna. Vimondo vya kundi hili vilivyoonekana vikianguka, tangu watu waanze kuandika kumbukumbu hizi, ni vitano tu: Alais kule Ufaransa mwaka 1806, Orgueil Ufaransa hiyo hiyo 1864, Tonk India 1911, Ivuna 1938, na Revelstoke Kanada 1965. Tonk ilikuwa gramu 7 na ushee, Revelstoke ilikuwa kama gramu moja tu. Kwa hiyo ukitoa Orgueil iliyofika kilo kumi na kadhaa na Alais, kinachofuata kwa maana ni cha kwetu.

Sasa mtu atauliza, jiwe jeusi la kumeguka kwa kidole lina nini cha kushinda chuma cha tani kumi na kitu. Nitajaribu kueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Chuma cha Mbozi kimeshapikwa, kilikuwa ndani ya sayari ndogo iliyoyeyuka, chuma kikazama chini mawe yakabaki juu. Ivuna ni unga ambao haujawahi kuona moto. Ni mavumbi yale yale yaliyokuwa yanalizunguka jua likiwa bado changa, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita, yakashikamana, yakapata maji, na yakabaki hivyo. Ukipima chuma, magnesiamu, silikoni, kalsiamu na mengineyo ndani ya Ivuna, uwiano wake unalingana na ule wa jua lenyewe, ukiacha zile gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu ambazo jiwe haliwezi kuzishika. Ndo maana mtaalamu akitaka kujua sayari yoyote imeanza na malighafi gani anarudi kwenye hili kundi. Na ndani kuna maji, sio ya kumwagika, ni maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo wa mfinyanzi, na kuna asidi amino, glaisini ikiwemo, ambazo zilipimwa kwenye Ivuna na Orgueil na matokeo yakatoka mwaka 2001. Glaisini ni moja ya zile zile tunazofundisha darasani kwamba ndo zinajenga protini za mwili.

Sio jambo dogo ndugu zangu. Wajapani walirusha chombo chao Hayabusa2 mwaka 2014 kikaenda kwenye sayari ndogo inaitwa Ryugu, kikarudi Desemba 2020 kikiwa na gramu 5.4. Walipofungua na kupima wakakuta inafanana na nini? Inafanana na kundi la Ivuna. Wamarekani nao wakarusha chombo chao OSIRIS-REx mwaka 2016 kwenda sayari ndogo nyingine inaitwa Bennu, kikarudisha kapsuli jangwani Utah tarehe 24 Septemba 2023, ndani gramu 121.6, mradi uliotumia zaidi ya dola bilioni moja, na kemia yake nayo ikaonekana jirani sana na ya Ivuna. Jumlisha hivyo viwili haifiki hata gramu 130. Momba ilishushiwa zaidi ya mara tano ya hapo bila mtu kurusha roketi.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Kitu kilichowafanya Wajapani na Wamarekani watumie pesa zote zile wakati vipande vya Ivuna na Orgueil tayari vipo makabatini ni usafi. Kimondo cha aina hii kikishagusa hewa yetu kinaanza kubadilika. Orgueil wakiiangalia leo ina mishipa myeupe ya chumvi za salfeti, na kwa muda mrefu watu waliamini ile mishipa ilitoka nayo angani, mpaka baadaye ikaonyeshwa kwamba ilikuwa inaota pale pale kabatini kwa sababu ya unyevu wa hewa. Vipande vya Ryugu havikuwa nayo. Sasa kama kabati la makumbusho ya Ulaya linaweza kubadilisha jiwe kiasi hicho, fikiria jiwe hilo hilo likae kwenye kopo jikoni kwa mama fulani huku Rukwa masika nzima.

Maji ndo adui wa kwanza kabisa. Kipande cha Orgueil ukikitia kwenye maji kinavunjikavunjika kinakuwa tope. Na kumbuka Ivuna ilianguka Desemba, mwezi ambao huku kwetu mvua huwa zimeshaanza, kwa hiyo kile kilichookotwa ni bahati ambayo bado inanishangaza, ingepiga mvua moja nzuri kabla watu hawajafika leo kusingekuwa na kundi la Ivuna, kungekuwa na tope tu limechanganyika na udongo wa shamba.

Adui wa pili ni sisi wenyewe, mikono yetu. Jasho la kiganja lina asidi amino, sasa mtu anakuja kupima asidi amino za angani anakuta za kwako. Na kuna kisa cha Orgueil ambacho kila mtu anayeokota vimondo inabidi akijue. Kipande kimoja kilikuwa kimefungiwa ndani ya chupa ya kioo kule makumbusho ya Montauban tangu 1864, hakijaguswa miaka mia moja. Miaka ya 1960 watu walipokuwa wanatafuta dalili za uhai kwenye vimondo wakakifungua, wakakuta mbegu ndani. Mbegu za mmea! Wakachunguza zaidi wakakuta na vipande vya makaa ya mawe na gundi, yaani mtu fulani mwaka ule ule kilipoanguka alikilowesha, akapachika vitu ndani, akakipaka gundi kikaonekana kama kina ngozi yake ya asili, na hajulikani ni nani mpaka leo. Matokeo yakachapishwa 1964. Mkono mmoja tu wa binadamu, karne nzima baadaye unasumbua maabara.

Kinyume chake angalia waliofanya vizuri. Tarehe 18 Januari 2000 kimondo cha kaboni kilianguka Tagish Lake, kaskazini kabisa mwa British Columbia, Kanada, ziwa limeganda barafu. Wiki moja baadaye bwana mmoja mkazi wa kule, Jim Brook, alikuwa anaendesha gari juu ya barafu akaona mawe meusi. Hakuyashika kwa mkono. Aliyatia kwenye mifuko safi ya plastiki akayapeleka nyumbani yakiwa bado yameganda, akayaweka kwenye friza. Karibu kilo nzima, haijawahi kuyeyuka. Vingine vilivyopatikana baada ya theluji kuanza kuyeyuka vilikuwa vimeshalowa na thamani yake kwa sayansi haikuwa ile. Hakuwa profesa, alikuwa mtu anayejua afanye nini.

Na kule Winchcombe, Uingereza, usiku wa tarehe 28 Februari 2021 karibu saa nne, moto ulionekana angani, kamera nyingi zikaunasa, asubuhi familia moja ikakuta lundo jeusi kwenye njia ya kuingilia gari nyumbani kwao, kama mtu kamwaga makaa yaliyozimika. Wakavaa glavu wakayakusanya na vumbi lake, hata vumbi hawakuliacha, na yote hayo ndani ya masaa yasiyozidi kumi na mbili na kabla mvua haijanyesha. Wataalamu walipopima maji yaliyo ndani yake wakakuta yanafanana na ya bahari zetu. Huo ushahidi ungepotea kwa mtu kuchukua fagio na ndoo ya maji akasafisha uwanja wake, kitu ambacho mtu yeyote mwenye nyumba safi angefanya.

Afrika Mashariki nako havijaacha kuanguka. Mbale, Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalimwagika mjini mchana kweupe, kadogo kamoja ka gramu tatu na kitu kakapita kwenye mgomba kakamgonga kijana kichwani, hakuumia. Thika, Kenya, tarehe 16 Julai 2011. Hivi vyote viwili ni vya mawe ya kawaida, sio vya kaboni, na mawe ya kawaida yanavumilia. Mbale inaelezwa kuna watu waliyaponda wakayanywa kama dawa, na bado yakabaki mengi ya kusoma maana yalikuwa zaidi ya kilo mia moja. Ila kikianguka kama cha Ivuna, cha gramu mia saba, kikagawanywa kijiji kizima kila mtu na kipande chake mfukoni, wiki mbili hakipo.

Kwa hiyo naomba wasomaji wako hasa walioko vijijini wasikie hili. Ukiona moto mkubwa angani, ukasikia mlio kama radi au kama mzinga wa mbali, na watu wa upande fulani wakasema kitu kimeanguka, cha kwanza wahi kabla ya mvua. Usiogope kwamba kitakuunguza, kikishafika chini mara nyingi kimeshapoa maana ni ngozi ya juu tu ndo inaungua angani na muda wenyewe ni sekunde. Kipige picha pale pale kilipo kabla hujakigusa, weka sarafu au kalamu pembeni ukubwa uonekane, chukua lokesheni kwenye simu. Okota na glavu safi, au na karatasi ya aluminiamu ile ya kufungia vyakula, mpya isiyotumika, ukikifunga humo humo. Kama huna, basi chupa ya kioo safi na kavu kabisa yenye mfuniko. Na vumbi lake chukua. Kama kuna friza ya mtu wa soda, muombe. Usikioshe. Usikipake mafuta king'ae. Usikate wala kugonga na nyundo uone ndani kuna nini. Na tafadhali sana usikijaribu na sumaku, najua kwenye mitandao wanafundisha kwamba kimondo kinapimwa kwa sumaku, ni kweli vingi vinashika, lakini ile sumaku inafuta kumbukumbu ya usumaku wa kale iliyo ndani ya jiwe, na hiyo nayo ni kitu wanachokitafuta.

Kukitambua huku kwetu kuna shida yake, lazima niseme ukweli. Watu wananiletea mawe, na mengi wanayoniletea ni mavi ya chuma, yale mabaki meusi ya tanuru za wafua chuma wa zamani, Ufipa na upande wetu huu yapo mashambani kibao. Mengine ni mawe ya volkano kutoka Rungwe, yana vitundu vitundu, na kimondo ni nadra sana kuwa na vitundu. Mengine ni makaa ya mawe. Cha kaboni kwa mbali kinafanana na makaa kweli, ni cheusi, ni chepesi kuliko unavyotegemea, kinaacha weusi mkononi. Tofauti ni kwamba makaa ya mawe yanang'aa ukiyamegua, hiki haking'ai, kimefifia kama masizi, na kikiwa kipya kwa nje kina ngozi nyembamba sana nyeusi iliyoungua. Hata hivyo jiwe la kutilia shaka zaidi ni lile la babu lililokaa nyumbani miaka thelathini. La kulikimbilia ni lile ambalo watu wameliona au wamelisikia likianguka jana.

Halafu kuna suala la mali. Hapa ndo pagumu na viongozi wetu wasilikwepe. Vimondo vina soko, kuna watu wanazunguka dunia kununua, na cha kaboni kilichookotwa kikiwa kipya bei yake iko juu kuliko cha kawaida. Kule Aguas Zarcas, Costa Rica, tarehe 23 Aprili 2019 vilianguka kama kilo 27, kipande kimoja kikatoboa kibanda cha mbwa, na hata kile kibanda baadaye kikapigwa mnada nje. Simlaumu mkulima anayeuza. Ila kwa utaratibu wa kimataifa kimondo hakisajiliwi kwa jina mpaka sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 kama ni kidogo, iwekwe kwenye taasisi inayokubalika. Sasa kwanini hiyo taasisi isiwe ya hapa? Tuna vyuo vikuu, tuna Makumbusho ya Taifa, tuna wataalamu wa jiolojia Dodoma. Sehemu kubwa ya Ivuna ilienda ikazunguka kwenye mikono ya wakusanyaji binafsi, na kipande kizuri makumbusho ya historia ya asili ya London ilikinunua mwaka 2008 kutoka kwa mkusanyaji wa Marekani. Kimeenda mahali pazuri pa kutunzwa, nafurahi, ila inauma kwamba mtoto wa Ivuna akitaka kuona jiwe lenye jina la kijiji chake inabidi atafute viza.

Mkulima akiamini kwamba akipeleka jiwe ofisini litachukuliwa na yeye atarudi mikono mitupu, hatalipeleka, ataliuza usiku au atalificha kwenye dari lioze na unyevu. Kwa hiyo lazima ijulikane mapema, kwa Kiswahili chepesi, kwenye ubao wa matangazo wa kila kijiji: ukiokota unampelekea nani, ndani ya siku ngapi, unalipwa nini, jina lako litaandikwa wapi. Jim Brook jina lake liko kwenye kila kitabu kinachoeleza Tagish Lake. Wale waliookota Ivuna mwaka 1938 mi nimetafuta sana majina yao, nimeuliza na wazee, sijayapata.

Ninachoomba ni vitu vichache. Pale Ndolezi, kituo cha Kimondo, Ivuna ipewe ukuta wake, picha kubwa, na ikiwezekana serikali iongee na wenzetu wa London watuazime hata gramu mbili ndani ya kioo kilichojazwa naitrojeni, ndivyo sampuli za Bennu zinavyotunzwa Houston, hakuna maajabu ni gesi ya kawaida tu. Ivuna kwenyewe uwekwe mnara barabarani, wenye tarehe. Wilaya za Momba, Mbozi na kule Sumbawanga zipewe kila moja boksi dogo la glavu, karatasi ya aluminiamu, chupa za kioo na namba ya simu ya mtaalamu anayepokea simu hata Jumapili. Boksi lenyewe gharama yake haifiki mafuta ya gari la mkurugenzi kwenda Mbeya na kurudi.

Na kwako Mhariri, naomba nusu ukurasa mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza, wenye picha ya kipande cha Ivuna na maelekezo haya ya kuokota, ukurasa ambao mwenyekiti wa kijiji anaweza kuukata akaubandika ofisini. Maandishi nitaandika mimi bure na nitayapeleka kwanza kwa watu wa jiolojia wayahakiki.

Mwalimu wa fizikia, sekondari
Vwawa, Songwe